Mchanga Juu ya Boneti

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nilisikia sufuria ikisuguliwa nje. Saa ninaijua kwa sababu nilitazama simu nione kama bado kuna muda wa kulala. Muda ulikuwepo. Nikajifunika tena. Sauti ikaendelea: mchanga juu ya chuma, maji kidogo, mchanga tena, na katikati yake Dani akiimba pambio la kanisani kwa pumzi za mtu anayefanya kazi. Nikajiambia ni ile sufuria kubwa ya wageni. Halafu nikakumbuka kwamba sufuria zote ziko chini ya kitanda changu, nilizipanga mwenyewe jana yake baada ya chakula.

Nikatoka bila viatu.

Dani ni mama yake baba yangu. Alikuwa ameinama juu ya boneti la gari la mama, leso imefungwa kiunoni, mkono mmoja umeshika taa ya mbele asije akaanguka, mkono wa pili unazunguka. Katika huo mkono alikuwa na kipande cha nyavu kuukuu alichokikunja kama mpira. Miguuni pake kulikuwa na ndoo ya maji na kopo la mchanga wa ziwani. Boneti lilikuwa limekwisha. Alikuwa ameanza mlango wa dereva.

"Nyieka," akasema bila kugeuka, kwani mimi hunijua kwa hatua zangu. "Njoo uguse. Sasa ni laini."

Nyieka ni mke mwenza. Kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kike hivyo kwa utani, kwa sababu wote wawili ni wake wa babu mmoja, na mke mwenza ana ruhusa ya kumwambia mwenzake lolote. Wasichana wengine hujibu. Binamu zangu humwambia Dani amezeeka, awaachie mume. Mimi sikuwahi kujibu. Huwa natabasamu nikiangalia vidole vya miguu yangu, na kwa kuwa Dani haoni tabasamu, kwake inakuwa nimenyamaza tu.

Niligusa. Kweli lilikuwa laini. Lakini jua lilikuwa linatoka nyuma ya nyumba ya baba mdogo, na mwanga wake ulipofika kwenye boneti nikaona. Duara ndani ya duara, duara juu ya duara, nyembamba kama nywele, kuanzia kioo hadi kwenye taa. Ile buluu iliyokoza, ambayo juzi tu nilikuwa najiona ndani yake hadi chunusi za paji la uso, ilikuwa imegeuka kijivu kama ubao uliofutwa kwa kiganja.

Dani hakuweza kuliona hilo. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anachokijua siku hizi anakijua kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa vimemwambia kazi imeenda vizuri. Tena alifanya kama kazi hiyo inavyofanywa. Huku Asembo, kijijini kwa Dani, wanawake huosha vyombo ziwani kwa mchanga na kipande cha nyavu, na sufuria za Dani ungeweza kuchania nywele ukijitazama ndani yake. Kama kitu ni cha chuma, na kimeshikwa na uchafu uliokauka, na unakiheshimu, unakisugua kwa mchanga. Hajawahi kuona njia nyingine ikishinda hiyo.

Sasa nieleze habari ya gari, ama haya yote yataonekana ni kelele za bure.

Gari lilikuwa jipya. Huku gari jipya ni lile lililoshuka meli Mombasa na halijawahi kuendeshwa na mtu unayemjua. Mama ni mwalimu, anafundisha upande wa Bondo, na tunaishi Kisumu, mtaa wa Kaloleni. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo mama hakuwahi kujinunulia kitu ambacho hakikuwa viatu au dawa. Gari lilipofika, usiku alianza kutazama simu akiwa amevaa vile visikizi vya masikioni, uso umetulia sana, nikadhani anafuatilia mahubiri. Kumbe ni video za watu wanaoosha magari.

Akanifundisha mimi pia. Juu ya rangi kuna tabaka lisilo na rangi, jembamba kama ule utando wa kitunguu, na hilo ndilo linalong'aa. Ukilikwaruza, hakuna sabuni ya kulirudisha. Osha kivulini. Mwaga maji kwanza, vumbi lianguke lenyewe. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuza kitambaa, ili uchafu ulioutoa usiurudishe. Futa kwa mstari, usizungushe mkono. Kitambaa kikianguka chini, kimekufa, hicho ni cha jikoni. Jirani yetu anayeuza mahamri alisimama mlangoni siku moja akatutazama tukifanya haya yote, kisha akamwambia mama, "Mwalimu, bado kulivika buibui tu." Vijana wanaoosha magari kando ya ziwa pale mjini walitupungia vipande vya godoro wanavyooshea kila tulipopita. Mama alikuwa anapandisha kioo.

Alhamisi tulilipaka nta, mimi na yeye, kwa vidole vilivyofungwa kitambaa. Nta inalinda rangi na jua, na kinyesi cha ndege, na wadudu. Mchanga hatukuufikiria.

Halafu Ijumaa tukaja Asembo, kwa sababu gari jipya lazima liletwe nyumbani, la sivyo watu wataanza kusema. Tulipokaribia ghuba, wadudu wa ziwa walikuwa wametoka, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Mama aliwasha wipa za kioo, ikawa uji. Tulipoingia nyumbani boneti lote lilikuwa limepakwa wadudu waliopondeka. Mama alitaka kuosha palepale, lakini maji ya tangi yalikuwa yameisha, giza lilikuwa linaingia, na Dani alikuwa ameketi mlangoni anasubiri kusalimiwa. Wakati wa kula mama alirudia mara mbili, kwa Dholuo, kwamba wadudu wale wakikauka hadi kesho watakula rangi. Alikuwa anajisemea tu. Baba mdogo, ndugu yake baba anayeishi hapo, akamwambia shemeji kula samaki, wadudu hawana meno.

Sasa najua Dani alikuwa amesikia kwamba mkwe wake ana shida, na dawa ya shida hiyo iko ufukweni, bure.

Basi nilikuwa nimesimama pale na mkono juu ya boneti wakati mama alipotoka na ndoo zake mbili na vitambaa vyake begani. Nilimwona akiona. Hakudondosha ndoo. Aliziweka chini polepole, moja, kisha nyingine. Dani akauliza nani huyo, mama akasema ni yeye. Dani akamwambia asilale tena na wasiwasi, wadudu wametoka wote.

"Asante, mama," mama akasema. "Asante sana. Umechoka, pumzika. Asante."

Sauti ilikuwa ile anayotumia siku ya wazazi shuleni. Akazunguka nyuma ya choo, akakaa huko. Mimi nikamshika Dani mkono nikamwambia kwa Dholuo yangu ya mjini, ambayo yeye husema inachechemea, kwamba mlango utaoshwa na mimi. Akaniachia nyavu. Nilikuwa na hasira na sikujua niielekeze wapi, kwa hiyo niliitupa ile nyavu mbali kuliko ilivyohitajika.

Mama aliporudi alikuwa amenawa uso. Alinivuta upande wa pili wa gari.

"Asijue," akasema. "Akijua, hataenda."

Kwa sababu hatukuwa tumekuja kuonyesha gari peke yake. Jumatatu Dani alikuwa na miadi hospitalini Kisumu, afanyiwe upasuaji wa macho. Alikuwa amekataa miaka yote. Alisema macho ni ya Mungu. Alisema kuna mwanamke alienda akarudi hana hata kile kidogo. Mwaka huu daktari alikuwa amesema akingoja zaidi jicho moja huenda lisipone. Ndipo Dani akatoa sharti moja, nadhani akiamini halitatimia: ataenda siku mke wa mtoto wake atakapokuja kumchukua na gari lake mwenyewe. Mama alipolinunua alipiga simu usiku huohuo. Dani akasema, haya.

Jumapili asubuhi tulikuwa tuondoke naye. Ilikuwa imebaki siku moja, na siku hiyo ilikuwa imejaa wageni.

Mama aliniambia nifunike boneti. Nikachukua leso yangu nikaitandaza, nikaikaza kwa mawe mawili, kisha nikaona mawe nayo yatakwaruza, nikayatoa, nikaikaza kwa wipa. Baba mdogo akaja na mswaki mdomoni, akainua pembe, akatazama. Akasema angalau sasa hakuna mwizi atakayelitaka. Mama hakucheka. Baba mdogo akarudisha pembe ya leso na kuninong'oneza kwamba yeye hajaona kitu, na kweli siku nzima hakusema, ingawa kila alipopita pale aliguna.

Sijawahi kupitisha siku mbaya kama ile nikiwa sijafanya kosa lolote. Sikuweza kukaa. Nilipika chai nikasahau majani. Nilikwenda kuangalia leso, nikarudi, nikakumbuka sikuangalia upande wa dereva, nikaenda tena. Kucha za mkono wa kulia zilikwisha kabla ya saa nne. Watu wa kanisa walipoanza kuja kuliombea gari, badala ya kujificha jikoni kama kawaida yangu ilinibidi nisimame karibu na gari, mahali ambapo kila mtu anaweza kuniuliza niko kidato gani na kwa nini nimekonda. Nilijibu kidato cha tatu mara nyingi. Lile la kukonda sikulijibu.

Maombi yalikwenda vizuri. Waliweka mikono juu ya leso, wakidhani imetandazwa kwa heshima. Waliomba dhidi ya ajali, dhidi ya wivu, dhidi ya polisi wa barabarani. Dani alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, amevaa gauni la kitambaa cha kung'aa, na kila aliyemsalimu, Dani alimwambia kwamba yeye mwenyewe aliliosha gari alfajiri. Wageni wakasema, mama huyu ana nguvu. Mama yangu akasema, kabisa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mchana upepo wa ziwani ukaanza. Huanza kila siku, na mimi nilikuwa nimesahau kuwa kuna kitu kama upepo. Nilikuwa nimeshika sinia la sahani nikaona leso inapanda, inajikunja juu ya kioo, na boneti zima likabaki wazi katikati ya jua. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisa, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya maji. Alikuwa amekaa karibu kabisa.

"Haiya," akasema. "Hii gari ilipigana na paka njiani?"

Watu wakacheka. Dani naye akacheka, kwa sababu wengine wamecheka. Kisha akauliza, paka gani?

Yule mama alikuwa tayari ameona uso wa mama yangu, akaanza kuuliza habari za samaki, bei imekuwaje huko mjini. Baba mdogo akaidaka habari ya samaki kwa mikono miwili. Niliweka sinia chini nikairudisha leso, na nilipogeuka Dani alikuwa amegeuza uso kuelekea kwangu. Alikuwa ameisikia leso ikipepea, nadhani, na mimi nikiikimbilia. Hakuuliza tena. Hilo ndilo lililonitisha, maana Dani huuliza mpaka ujibu.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa limelala. Mama alikuwa anaosha vyombo na mke wa baba mdogo. Dani akainuka kitini, akashika ukuta, kisha ua, kisha hewa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari. Nikamfuata. Akaitoa leso, akanipa. Akapitisha kiganja juu ya boneti, akarudisha, akatumia ncha za vidole, akatumia hata mgongo wa mkono.

"Ni laini," akasema. "Mkono wangu haunidanganyi. Macho yenu yanaona nini?"

Mama alikuwa amesema asijue. Nilifikiria kusema hakuna kitu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameketi siku nzima kati ya watu wanaoona, wote wakimficha, na hata mimi mwenye macho mazima ninaijua hali hiyo, ya kuingia mahali watu wakanyamaza. Nikamwambia. Nikasema ni mistari, midogo sana, ya duara, kama iliyo chini ya sufuria. Mkono hauwezi kuisikia. Ni jua ndilo linaionyesha. Akauliza ni mahali padogo? Nikasema hapana. Akauliza kama inatoka kwa kuoshwa. Nikasema fundi anaweza kuipunguza kwa polishi, lakini yote, sijui.

Dani akafuta viganja vyake kwenye gauni, kila kimoja, muda mrefu.

Mama alikuwa amekuja nyuma yetu, mikono ina povu. Akasema haraka kwamba si kitu, mama, ni gari tu, ni bati.

"Wewe uliniambia asante mara tatu leo asubuhi," Dani akasema. "Mtu haambiwi asante mara tatu kwa kazi nzuri."

Mama akaichukua leso mkononi mwangu, akaanza kuikunja.

"Kwa hiyo watanifungua macho, na kitu cha kwanza nitakachoona kikija kunichukua ni hiki nilichofanya. Siendi. Mniache na giza langu, nimelizoea."

Akarudi nyumbani kwake, akishika hewa, kisha ua, kisha ukuta. Akafunga mlango wa mbao.

Nilisubiri mama anigombeze. Hakunigombeza. Aliegemea gari lake, kitu ambacho mimi nimekatazwa, na akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema tangu aolewe hajawahi kukosana na Dani hata mara moja. Hata kwa mazishi ya baba, watu walipokosana juu ya kila kitu, wao wawili hawakukosana. Alisema, "Unafikiri hiyo ni sifa. Mimi pia nilifikiri."

Chakula kilipoiva nikatumwa nimpelekee, kwa kuwa mimi ndiye ninayelala kwake nikija. Taa ilikuwa inawaka, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu, hakuwa amesahau. Alikuwa amekaa kitandani amegeukia ukuta. Begi lake la hospitali, ambalo lilikuwa mlangoni tangu Jumatano, lilikuwa limerudishwa juu ya kabati. Nikaweka sahani. Akasema hana njaa. Nikakaa. Nikainuka. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nilikuwa kama mtu aliyeitwa ubaoni, maana nilikuwa najua nitakalolisema na sikuwa na uhakika kama ni utani au ni utovu wa adabu. Mama hangeweza kumwambia, ni mkwe wake. Baba mdogo hangeweza, ni mtoto wake. Katika boma lile lote kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye ruhusa.

"Acha kusingizia gari," nikasema. "Unaogopa kufunguliwa macho uone nimekuzidi uzuri."

"Nani huyo anaongea?" Dani akauliza.

"Ni mimi. Mke mdogo."

Mabega ya Dani yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia, mpaka akageuka.

"Kumbe una mdomo. Miaka yote hii nimeolewa na bubu." Akatafuta sahani kwa mkono, akaipata. "Na kama nikifunguliwa nikute una miguu ya korongo?"

"Ninayo. Mume wetu ndivyo alivyopenda."

"Mume wetu alipenda ugali," Dani akasema, akamega wake.

Alikula nusu. Nikafikiri nimeshinda, nikanyoosha mkono kulishusha begi. Akasikia kabati likilia, akaniambia niliache. Akasema utani ni utani, na umemfanya ale, lakini yeye hawezi kuingia ndani ya gari la mtu ambaye moyo wake umefunga breki. Kama mama yangu anataka aende, kwanza aje amgombeze.

Nilidhani sijaelewa Dholuo. Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, kama anavyoongea na wazungu wa kliniki. "Anigombeze. Nilimharibia kitu chake. Aseme."

Nikaenda kumwambia mama. Alikuwa anakunja nguo. Akasema haiwezekani, huwezi kumgombeza mama mkwe, hata kwa kuombwa. Nikasema ndilo sharti. Alikunja blauzi ileile mara kadhaa. Kisha akatoka nayo mkononi, akavuka uwanja, akasimama kwenye mlango wa Dani bila kuingia, nami nikabaki nyuma yake.

"Mama," akaanza, "kwa kweli leo asubuhi sikufurahi sana."

"Hapo hujaanza," Dani akasema.

"Nilisikitika."

"Watoto wa shule unawagombeza hivi? Ndiyo maana wanafeli."

Nikaona kisogo cha mama kikikakamaa.

"Ulisugua gari yangu kama sufuria," akasema, na sauti ikapanda pale pale. "Gari yangu mpya. Hata mwezi haijamaliza. Nimekosa usingizi kwa hiyo gari. Hakuna mtu nimemruhusu aiguse, hata huyu mtoto nimemfundisha kama daktari, halafu wewe na mchanga. Mchanga, mama! Mlango wangu ulikuwa hapo. Ungegonga uniulize."

"Ningekuulizaje," Dani akasema, "na wewe kila kitu unaniambia ndiyo? Nikikuuliza kama chai ni tamu, ndiyo. Nikikuuliza kama mtoto wangu alikuweka vizuri, ndiyo. Ningekuuliza nisugue, ungesema ndiyo, mama, asante."

"Labda ningesema ndiyo," mama akakiri.

"Basi. Endelea."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Kuna mlango pia. Nilifika mlangoni."

Hapo mama akaingia ndani na kuketi chini, kwenye mkeka, akaweka ile blauzi usoni. Sikubaki kusikiliza. Nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, na kwa muda mrefu zilikuja sauti mbili, wakati mwingine kwa pamoja, na mara moja nilisikia jina la baba likitajwa kwa ukali, jambo ambalo halijawahi kufanyika mbele yangu. Nilitaka kuingia. Nilitaka kukimbia. Nilihesabu mbwa waliobweka huko ufukweni, nikapoteza hesabu. Mama alipotoka alinipita, akanigusa kichwa, akaenda kulala bila kuniambia imekuwaje. Nilipoingia, Dani alikuwa amelala au anajifanya. Begi lilikuwa bado juu ya kabati. Sikulala vizuri. Kila alipojigeuza nilidhani ameamua, na kila alipotulia nilidhani amebadilisha.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kitanda chake kikiwa kimetandikwa. Nilitoka mbio, nikitafuta kwa masikio kama kuna kitu kinasuguliwa. Alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba, amevaa viatu vyake vya kufunga ambavyo huvivaa kwa mazishi na Krismasi, na kitambaa cheupe kichwani. Gari lilikuwa pale uani, wazi, na jua juu yake, na duara zote zilionekana kutoka nilipokuwa. Hazikuwa zimepungua hata moja. Mama alikuwa anaangalia tairi na hakuyainua macho kwenye boneti. Hasira bado ilikuwepo kidogo, nilijua kwa alivyopiga lile gurudumu teke.

Dani akasema begi liko juu, yeye halifikii.

Nikalishusha. Nikaliweka kwenye buti. Nikamshika mkono nikamwongoza hadi mlango wa mbele, ule wa upande ninaokaaga mimi, nikakilinda kichwa chake asigonge, nikamfunga mkanda, akalalamika unambana, nikaulegeza. Mama akaingia upande wake. Nikaufunga mlango wa Dani polepole, jinsi nilivyofundishwa, ila haukushika. Nikaufungua tena, nikaubamiza. Kisha nikapanda nyuma.